Siku Skripti Yangu Ilipotaka Kumwondoa Mwenyekiti

Nakiri mapema kabla hamjaanza kuulizana: kosa lilikuwa langu, si la kompyuta, si la umeme, wala si la dada yangu Zuhura aliyeniita Mikumi, na kosa lenyewe lilikuwa la alama moja tu, nyota, ile inayokaa juu ya namba nane kwenye kibodi, niliyoiandika mahali ambapo mtu mwenye akili zake angeandika anwani ya tovuti moja akaridhika. Nyota hiyo ndiyo iliyonisimamisha mbele ya walimu wastaafu kumi na mmoja, nimevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, natabasamu kama bwana harusi, huku ukuta ulio nyuma yangu ukiwatukana.

Sasa nieleze taratibu, maana hii ikisimuliwa haraka naonekana mjinga kuliko nilivyo.

Mimi ni mtu wa ndani. Hapa Kilosa kuna watu wananijua kwa sauti tu, kwa sababu wakipiga hodi huwa nawajibu nikiwa nimelala. Kidato cha nne nilimaliza, matokeo yakaja yalivyokuja (tusichimbe), nikatulia kwenye nyumba aliyotuachia marehemu baba, nikawa nachapa barua za watu, natengeneza kadi za harusi na kurasa za matangazo, na muda unaobaki napigana na nyumba yenyewe. Nyumba ile ni mzee mwenye maradhi mengi. Leo mchwa kwenye fremu ya mlango, kesho panya darini, keshokutwa kunguni walioletwa na godoro la binamu yangu ambaye mpaka leo anakataa kwamba ni wake (godoro anakubali ni lake, kunguni anawakana). Kwa hiyo ukiangalia maisha yangu mtandaoni kwa miaka miwili, utakuta maneno yale yale: jinsi ya kuondoa mchwa, jinsi ya kuondoa panya, jinsi ya kuondoa ukungu ukutani, jinsi ya kuondoa doa la mawese kwenye shuka.

Nikachoka kuandika. Na mtu mvivu akichoka, ndipo anapoanza kuwa mbunifu.

Kuna kitu kinaitwa skripti ya mtumiaji. Unaweka kiendelezi, yaani kijiprogramu cha nyongeza, kwenye brauza yako ya kufungulia mtandao, ndani yake unabandika mistari ya msimbo, na kuanzia hapo kurasa za watu wengine zinakufanyia unachotaka wewe, si walichotaka wenyewe waliozitengeneza. Nilikuta skripti ya mtu mmoja ambayo ukilivuta neno kwa mausi likapata rangi ya bluu, kinatokea kisanduku hapo hapo juu ya ukurasa, kimeshalitafuta neno hilo na kukuletea majibu, hujahama, hujafungua kitu kingine. Nikaipenda kama mtoto anavyopenda filimbi. Lakini ilikuwa inatafuta neno peke yake, na mimi neno peke yake lilikuwa halinisaidii. Ukitafuta "panya" unaletewa picha za panya, na panya mimi nilikuwa nao.

Basi nikaiboresha. Nasema nikaiboresha na sioni aibu, kwa sababu ilifanya kazi. Mbele ya neno lolote utakaloligusa, skripti ikawa inaongeza yenyewe "jinsi ya kuondoa". Nasoma habari za dari, nagusa "popo", kisanduku kinatokea: JINSI YA KUONDOA POPO, na majibu yake chini. Herufi nikaziweka kubwa, nyekundu, kwa sababu laptopu huwa inakaa kwenye stuli na mimi nakuwa mkekani mbali nayo, nimeegemea mto. Na mstari ule wa juu kabisa, unaoiambia skripti ifanye kazi kwenye kurasa zipi, ulitaka niorodheshe tovuti moja baada ya nyingine, tovuti za mambo ya nyumbani tu. Nikaandika ya kwanza. Nikaandika ya pili. Ya tatu ilikuwa na anwani ndefu, nikaguna, nikafuta zote, nikaweka nyota. Maana ya nyota ni kila ukurasa uliopo duniani.

Na ukurasa wa gesti ya dada yangu upo duniani.

Dada Zuhura ana gesti Mikumi, vyumba vinane, kando ya ile barabara kuu ya kwenda Iringa. Aliijenga tofali kwa tofali baada ya shemeji kufariki, na haiiti gesti, anaiita nyumba ya wageni, ukisema gesti mbele yake anakutazama mpaka unajirekebisha. Zamani madereva wa malori walikuwa wanajaa. Siku hizi wanapitiliza, mbele kumefunguliwa maegesho mapana, wanalala huko, na vyumba vya dada vikabaki vimetandikwa shuka safi bila wa kuzichafua. Ndipo wakatokea walimu hawa, chama cha wastaafu wa wilaya nzima, wanatafuta mahali pa kukutania siku tatu kila mwaka. Walikuwa wanakuja kukagua sehemu mbili kwa siku moja: kwa dada, na gesti ya ng'ambo ya barabara yenye marumaru mpya. Dada alinipigia simu akaniambia wazi kabisa, "Shabani, hawa wakinikataa nafunga. Nafunga narudi Kilosa na wanangu."

Narudi Kilosa maana yake narudi nyumbani, na nyumbani ndiyo hapo nilipokuwa nimelala nikimsikiliza. Kwa hiyo msidhani nilikwenda Mikumi kwa kupenda kusafiri.

Mpango wa dada ulikuwa mwepesi: wageni wanywe chai, waone vyumba, waondoke. Mimi ndiye niliyesema hapana.

"Dada, hayo mambo ya zamani. Siku hizi watu wanaonyeshwa ukutani."

"Ukutani waone nini? Vyumba si viko hapo hapo? Wataingia waone kwa macho yao."

"Utaonekana upo kisasa. Niachie mimi."

"Haya," akasema, "lakini Shabani, usiongee sana."

Nikatengeneza ukurasa mzuri, picha za vyumba, picha ya tembo (si wa dada, lakini hifadhi ipo pale karibu, kila mtu anaweka tembo), na maneno ya kukaribisha niliyoyatunga mwenyewe. Nikaondoka Kilosa na gari la asubuhi, laptopu mapajani, na mchana nikawa nimeshafunga projekta tuliyoazima kwa jamaa anayeonyesha mpira jirani na dada. Nikaipima ikawaka. Picha ikatokea ukutani, safi. Hapo nilitakiwa kugusa neno moja tu, neno lolote, ningejua kila kitu. Sikugusa. Nilikwenda kujitazama kwenye kioo.

Walimu wakafika, wazee kwa akina mama, suti za enzi zao, mabegi ya mkononi. Nikawasalimia kwa pamoja, "Shikamooni," wakaitikia marahaba moja nzito kama kwaya. Mbele alikaa mwenyekiti, Mwalimu Elieza, mzee mrefu wa milimani aliyefundisha Kiswahili tangu mimi sijazaliwa, yaani mtu ambaye dada alipomwambia "karibu, jisikie uko nyumbani" alifikiri kwanza kama sentensi imekaa sawa ndipo akakaa. Pembeni yake alikaa katibu, Mwalimu Tabitha, mama mnene mchangamfu aliyefundisha miaka mingi Munisagara kule kwenye reli, na ilionekana tangu mlangoni kwamba hao wawili hawapikiki chungu kimoja, kwa sababu kila mwenyekiti alipokohoa, katibu alitazama dari.

Nikasimama. Sasa nilikuwa nimejipangia kitu. Hawa ni walimu, nikawaza, wamezoea mtu anayesoma ubaoni huku anaonyesha kwa fimbo. Basi mimi fimbo yangu ni mausi. Kila neno zito nitalivuta lipate rangi ya bluu, na macho yangu yatabaki kwao, si ukutani wala kwenye laptopu (mahali pa kila neno nilishapakariri), kama mtu aliyeimudu kazi yake.

"Karibuni sana," nikaanza, mkono kwenye mausi, uso kwao, "kwenye nyumba ya *wageni*." Nikalivuta neno wageni.

Nikaona macho yamekaza, nikasema moyoni, nimewashika.

Nyuma yangu, nilikuja kusimuliwa baadaye, ukuta ulikuwa umeandika kwa herufi nyekundu zenye urefu wa mkono wa mtu: JINSI YA KUONDOA WAGENI. Na chini yake jibu la kwanza, la mtu fulani aliyeomba ushauri, shemeji yake kaja kusalimia na mwezi wa nne huu hajaondoka.

"Nyumba hii," nikaendelea, "imeandaliwa mahsusi kwa ajili ya *walimu wastaafu*."

JINSI YA KUONDOA WALIMU WASTAAFU.

Hapo mzee mmoja alivua miwani akaifuta akaivaa tena. Nikamtabasamia. Nikamwona dada amesimama mlangoni na sinia la vikombe, mdomo wazi, na mimi (Mungu anisamehe) nikadhani amevutiwa na jinsi ninavyotamka.

"Na chumba namba moja, chenye dirisha la upande wa milimani, hiki hatumpi mtu mwingine yeyote. Hiki ni cha *mwenyekiti*."

Nikalivuta neno mwenyekiti taratibu, kwa heshima, herufi moja moja.

Halafu Mwalimu Tabitha akainua kidole kama mwanafunzi, akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Mwanangu, hilo jibu la pili hapo hebu lifungue tulisome."

Chumba kikapasuka. Wazee walicheka vicheko vya miaka mingi, mmoja akawa anapiga paja, mwingine anamshika mwenzake bega asianguke, na mimi nikacheka nao, ndiyo, nilicheka nao kabisa bila kujua tunacheka nini, mpaka nikageuka nikasoma ukuta wangu mwenyewe.

Jasho lilinitoka sehemu ambazo sikujua zina jasho.

Kisanduku kile kina alama ya kukifungia, iko kona ya juu kulia. Lakini kwenye projekta kila kitu kilikuwa kimevimba, herufi zangu za kusomea mkekani zilikuwa zimekitanua kisanduku mpaka kona ile ikatokomea nje ya skrini, haipo, imekwenda zake. Nikabonyeza pembeni ili kifungike. Kwa haraka niliyokuwa nayo, nikabonyeza mara mbili, na ukibonyeza neno mara mbili linapata rangi ya bluu. JINSI YA KUONDOA CHOO. Nikabonyeza mahali pengine. JINSI YA KUONDOA CHAI. (Ndiyo, najua, ningeweza kuifunika laptopu kama mtu anavyofunika kitabu, nimeambiwa hilo na watu wengi tangu siku ile, wakiwemo ambao hawajawahi kushika laptopu.) Nikahamia chini kabisa ya ukurasa, nikidhani huko hakuna maneno, kumbe huko ndiko nilikoandika jina la mmiliki.

JINSI YA KUONDOA ZUHURA.

Hapo dada aliweka sinia chini. Akatembea mpaka katikati ya chumba, akasimama mbele ya mwanga wa projekta kuuziba kwa mwili wake, mikono ameitanua kama golikipa, na lile neno likahama ukutani likamkaa yeye: KUONDOA kifuani, ZUHURA tumboni, jibu la kwanza likamteremkia kwenye kanga. Wazee wakalia kwa kucheka.

"Shabani," akasema bila kupaza sauti, "toa mkono."

Nikatoa. Akaifunika laptopu kwa kiganja kimoja. Mwenyekiti akasimama.

Mwalimu Elieza hakuwa amecheka. Alifunga kifungo cha koti, akanitazama kama daftari lenye makosa.

"Kijana. Umesoma wapi?"

"Kilosa, mwalimu. Kidato cha nne."

"Kiswahili ulipata nini?"

Nikainama kuutazama waya wa projekta. Akaelewa.

"Ni *kumwondoa*," akasema. "Ku-mw-ondoa. Mwenyekiti ni mtu, ana uhai, anadai kiambishi chake. 'Kuondoa mwenyekiti' ni kama 'kuondoa doa'. Mimi ni doa?"

"Hapana, mwalimu."

"Na hata hivyo, mwenyekiti haondolewi. Mwenyekiti huuzuliwa."

"Tunashukuru, mwenyekiti," Mwalimu Tabitha akadakia, akitoa kalamu kwenye mkoba. "Huuzuliwa. Hilo neno tulikuwa tunalitafuta."

Sitaki kueleza kicheko kilichofuata. Nitasema tu kwamba mwenyekiti alikaa chini, na mimi nikaona kwa macho yangu vyumba vinane vikifungwa kimoja kimoja, dada anashuka kwenye gari pale Kilosa na mabegi, na watoto wake wanakimbilia mkeka wangu.

Ndipo dada akaongea. Hakutumia ukuta wala picha ya tembo. "Walimu wangu, nisameheni sana. Huyu ni mdogo wangu, ni mtu wa ndani, akitolewa nje anakuwa hivi. Nyumba hii niliijenga mwenyewe. Vyumba viko hapo, njooni mkavione, halafu tunywe chai." Akatangulia. Wakamfuata wote, na mwenyekiti akiwemo, nikabaki nakunja waya.

Kupitia dirishani nikawa nawasikia. Mwalimu Tabitha akauliza kama maji yanatoka kweli au yanatoka siku za ukaguzi, dada akamjibu, "Fungua mwenyewe, mwalimu," na nikasikia maji yanapiga ndoo kwa nguvu. Nikasikia kitanda kikikaliwa, kikikaliwa tena. Nikasikia sauti nzito ya mwenyekiti ikisema kwamba shuka zina harufu ya jua. Ilichukua muda usiozidi kikombe kimoja cha chai. Walipotoka kuaga nilichanganyikiwa nikawaamkia upya, na mwenyekiti akanijibu "Marahaba" akitazama barabara.

Hawakuahidi kitu. Walivuka kwenda ng'ambo kwenye marumaru.

Wiki nzima dada hakupokea simu yangu. Mimi nikawa natengeneza skripti: nikaing'oa nyota, nikaandika tovuti zote kwa majina yake, hata ile yenye anwani ndefu. Ilinichukua dakika nne. Dakika nne, jamani. Nikaongeza na kitufe cha kuizima, nikakiweka katikati, kikubwa kama sahani.

Siku ya nane dada akapiga.

"Wamekubali," akasema.

Niliruka mkekani, jambo ambalo mkeka ule haujawahi kuliona.

"Kwa barua. Tena Kiswahili chake huyo mzee, kinameremeta. Watakuja kila mwaka. Ajenda ya kwanza ufunguzi, ajenda ya pili uchaguzi wa viongozi."

"Nilikwambia dada, ukutani..."

"Subiri. Kuna sharti." Akasoma: "'Tunaomba, kwa siku zote tatu, yule kijana wa projekta aondolewe eneo hilo.'"

Mwalimu wa Kiswahili huyo, aliyenifundisha kwamba mtu mwenye cheo huuzuliwa, kwangu mimi kaliona "kuondoa" linatosha.

Basi nimeapa. Nyota siandiki tena, wala sitaonyesha kitu ukutani kabla sijakigusa neno kwa neno nikiwa peke yangu, na brauza ya kuonyeshea watu nitaiweka tupu, haina kiendelezi, haina historia, haina hata kunguni mmoja. Kutafuta kwa kugusa neno naendelea nako, tena napendekeza kwa yeyote mwenye dari ya zamani. Skripti ni nzuri, mwenye skripti ndiye aliyekuwa na kasoro. Na Mikumi zile siku tatu siendi (sharti ambalo, nikisema ukweli, halikuniumiza kama walivyokusudia).

Jioni ile nilitoka mpaka uani kwa jirani yangu, Mama Shukuru, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mlenda, nikamsimulia yote kuanzia panya mpaka barua, nikitegemea angalau pole. Hakucheka hata mara moja. Alichambua mpaka mwisho, akakung'uta majani mapajani, akaniuliza kama vyumba dada aliwaonyesha mwenyewe. Nikasema ndiyo. Akauliza kama ni kweli wamekubali. Nikasema ndiyo, kabisa. Akanyanyua ungo wake, akasema:

"Basi Shabani, dada yako alikuwa anatafuta wageni, wewe ulikuwa unatafuta sifa. Mwenzio kapata."